Kila Injini na Mama Yake

Ukitaka kugombana na Mkunga, huna haja ya kumsema mwanawe wala kumtukania marehemu mumewe. Weka tu kikombe cha chai juu ya boneti ya gari lake. Jirani mmoja aliwahi kuweka, tena kwa sekunde chache tu akitafuta funguo mfukoni, na mpaka leo akifika pale huvuka kupita upande wa pili wa barabara.

Gari lenyewe lilikuwa la rangi ya maziwa, milango minne, taa za mbele za mviringo zilizolifanya lionekane limeshtushwa na jambo. Lilikuwa na miaka arobaini na mitatu. Watoto wote watatu wa Mkunga walizaliwa wakalikuta, wakakua, wakaoa na kuolewa, wakanunua magari yao yenye vioo vya kuongea, na mama yao akawaambia kwamba walichonunua ni masanduku ya plastiki yenye injini. Hawakumjibu. Hakuna aliyemjibu Mkunga mtaani pale, kwa sababu nusu ya mtaa ilizaliwa mikononi mwake, na ni vigumu kubishana na mtu aliyekushika miguu kichwa chini siku yako ya kwanza duniani.

Kila Jumamosi asubuhi alivaa koti lake la kazini, lililokuwa jeupe enzi hizo, akafungua boneti na kuanza zamu. Alipima oili akapangusa kijiti kwa kitambaa cha shashi kilichokatwa vipande sawasawa. Alitoa plagi moja moja akazitazama rangi kama anavyotazama ndimi za watoto. Halafu alichukua kile kipembe cha mbao ambacho wakunga huweka juu ya tumbo la mjamzito wasikilize mapigo ya mtoto, akakiweka juu ya injini inayounguruma, akainama na kufumba macho. Vali ikigonga hata kidogo aliisikia. Vitabu alisoma mwenyewe, spana alinunua mwenyewe, na tangu mumewe afariki miaka tisa iliyopita hakuna mkono mwingine uliogusa injini ile. Hilo ndilo lililokuwa fahari yake, na alilisema hata pasipo na aliyeuliza: "Gari hili lipo kama marehemu alivyoliacha. Kila kitu chake ni chake."

Mwisho wa barabara ileile palikuwa na gereji, na mwenye gereji alikuwa shemeji yake, mdogo wake marehemu. Watu walimwita Fundi, na fundi alikuwa kweli. Angesikiliza gari linapita barabarani akakwambia bolti ipi imelegea. Sasa ajabu ni kwamba gari lake mwenyewe, pacha wa lile la Mkunga kwa kila kitu ila rangi, la kijani, lililonunuliwa siku moja na lile, kwenye duka moja, na ndugu wawili walioshindwa kukubaliana nani amwige nani, lilikuwa linafuka moshi. Halikufuka kwa aibu, kidogo kidogo. Lilifuka kama jiko la mkaa mbichi.

Mganga hajigangi, watu wakasema. Mkunga hakuridhika na methali moja.

"Shemeji," alikuwa akimwita kutoka barazani akimwona anapita, "leo unaivisha nini?"

"Naivisha subira, shemeji."

"Wateja wako wanakuona kwanza au wanakunusa kwanza?"

"Wanauliza kwa nini gari lako wewe halichoki. Nawaambia limestaafu kama mwenyewe, kazi yake kuoshwa tu."

"Mbu wa mtaa mzima wamehama! Tunakushukuru sana!"

Watu walicheka, Fundi alicheka, na moshi ukaenda naye mpaka kwenye kona. Utani wa mashemeji hauna kesi, ndivyo tunavyosema. Lakini wakati mwingine utani ni blanketi, na chini yake kuna mtu amelala hana raha. Mkunga alikuwa na jambo moyoni. Gari lile la kijani halikuwa likifuka zamani. Lilianza kufuka baada ya mumewe kuzikwa. Na mtu yeyote anayejua magari kidogo angeuliza: injini nzima ilikwenda wapi? Mkunga aliuliza akajijibu mwenyewe. Aliamini kwamba wiki ileile kaka anakata roho hospitalini, mdogo mtu aliifungua injini yake nzuri akaiuza, akatia chuma chakavu mahali pake. Kwa nini, hakujua. Hakuwahi kumwuliza pia. Alimtania tu, miaka tisa mfululizo, na kila utani ulikuwa na sindano ndani.

Basi mwaka ule mamlaka ya barabara ikatoa tangazo. Gari lolote lenye zaidi ya miaka arobaini lingeondolewa barabarani mwisho wa mwaka, isipokuwa liwe na cheti cha gari la kumbukumbu kutoka kwenye chama kinachotambuliwa. Chama kilikuwapo: wanachama kumi na sita, magari yanayotembea kumi na moja, mwenyekiti mwalimu mstaafu aliyeendesha vikao kama bado yuko darasani, na katibu Mkunga. Wakaitana kwenye chumba cha shule wapange masharti ya cheti. Rangi iwe ile ya kiwandani, viti viwe vya asili, taa ziwe za asili. Mambo yalikuwa yakienda vizuri mpaka katibu aliponyoosha mkono.

"Naomba tuongeze sharti moja," alisema Mkunga. "Nambari ya injini ilingane na ile iliyo kwenye kadi ya gari. Mtu asije na ngozi ya zamani ndani kuna moyo wa kuazima."

Alisema akimtazama mwenyekiti, lakini wote walijua anayetazamwa ni nani.

Fundi alisimama. Kwa kawaida kwenye vikao alikuwa mtu wa kusinzia. "Nambari za nini, jamani? Gari ni lile lile. Injini ni kitu cha kuchakaa, watu wamebadilisha, wengine hata hawakumbuki. Tutaumizana bure."

"Nani ataumia?" Mkunga aliuliza. "Mwenye chake atasoma nambari yake. Mficha uchi hazai, shemeji. Mimi nimeifanya kazi hiyo miaka thelathini na moja, najua."

Chumba kizima kilicheka, mwenyekiti akagonga meza kwa chaki, mikono ikahesabiwa. Sharti likapita. Fundi peke yake hakunyoosha mkono. Mkunga alirudi nyumbani amejaa furaha ya aina ile ambayo mtu mzima hapaswi kuwa nayo, akajipikia chai akainywa amesimama dirishani, akilitazama gari lake.

Kuanzia siku ile Fundi akawa mgeni wa mara kwa mara. Jumatatu alikuja akasema, "Shemeji, niletee gari lako siku tatu tu, niziangalie breki kabla ya ukaguzi."

"Breki zangu zinashika kuliko ndoa nyingi."

Jumatano alikuja tena. Aliketi, akaondoa kofia, akaizungusha mikononi. "Sharti lile, shemeji. Wewe ndiye uliyelileta, wewe unaweza kuliondoa. Waambie umefikiria upya."

"Nimefikiria upya na nimelipenda zaidi."

"Siku mbili basi. Siku mbili tu niwe nalo."

"Shemeji, hata wewe sijakukatalia kuingia nyumbani kwangu. Lakini boneti ile ina mlango mmoja na ufunguo ninao mimi. Unaogopa nini?"

Fundi aliinuka. Akavaa kofia akaondoka. Mkunga alimsindikiza kwa macho akajiambia: huyo kashikwa. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki nimekijua miaka tisa.

Siku ya ukaguzi walikusanyika kwenye gereji ya Fundi, kwa kuwa hapo ndipo palipokuwa na shimo la kuingia chini ya magari. Mthamini wa chama alikuwa bwana mmoja mfupi, mpole, ambaye kila mtu alimwita Kurunzi kwa sababu hakuonekana bila tochi. Alipewa meza ndogo, karatasi, kalamu mbili, na kioo chenye mpini mrefu kama cha daktari wa meno.

Mkunga alifika na faili. Ndani ya faili mlikuwa na kadi ya gari, risiti ya kwanza kabisa, na picha ya ndugu wawili wamesimama mbele ya magari mawili mapya, kila mmoja amekunja mikono kuonyesha kwamba la kwake ndilo zuri. Aliomba la kwake lianze. "Ili watu waone mfano," alisema, na hakuona vibaya kusema hivyo mbele za watu.

Kurunzi alizunguka. Alipitisha kidole kwenye rangi, akakaa kwenye viti, akawasha taa, akahema kwa mapenzi. Alama zilipangana kwenye karatasi. Alipofika kwenye injini aliinama, akamulika, akainuka na kushika kiuno.

"Nambari yake imekaa vibaya, mama. Iko pembeni huko chini, nyuma ya bomba la moshi, na imefunikwa na grisi. Kuifikia ni kazi. Lakini nani asiyejua gari hili? Niandike tu inalingana."

"Andika," Fundi alisema haraka, kabla hata ya kuulizwa. "Andika, Kurunzi, tuendelee. Foleni ni ndefu."

"La hasha!" Mkunga alisema. "Sharti ni sharti. Mimi ndiye niliyelileta, nikilikwepa mimi nitamwambia nini mwingine? Isome."

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Wahenga walisema, na wala hawakuwa wakitania.

Kurunzi alilala ubavu kwenye gunia. Aliomba mafuta ya taa na tambara, akasugua, akaingiza kile kioo cha mpini, akapenyeza tochi. Fundi alikuwa amegeuka akipanga spana ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

"Hii hapa. Tayari, mama? Nne. Nne. Mbili. Sita."

Mkunga alitazama kadi. Alivua miwani, akaipangusa kwa koti, akaivaa tena. Kwenye kadi palikuwa na nne, nne, moja, saba.

"Soma tena."

"Nne, nne, mbili, sita. Sita yake imekwaruzika lakini ni sita."

"Toka hapo nisome mwenyewe."

Akalala kwenye gunia, na umri wake na magoti yake na heshima yake yote, akatazama kwenye kioo. Sita ilikuwa sita. Alikaa chini pale kwenye sakafu, kadi mkononi. Hakuna aliyesogea kumsaidia, kwa sababu hakuna aliyejua aanze na lipi.

"Miaka tisa," mwenyekiti alinong'ona, "hujawahi kuitazama?"

"Nani huangalia lebo ya mtoto wake mwenyewe?" Mkunga alisema. Halafu sauti ikapanda. "Mimi! Mimi niliyefunga vitambulisho kwenye mikono ya watoto maelfu! Sijawahi kumpa mama mtoto asiye wake, hata siku umeme ulipokatika na wamezaliwa wanne kwa pamoja!"

Kurunzi, ambaye ubaya wake pekee ni kwamba alipenda kazi ikamilike, alikuwa tayari ameshafungua boneti ya lile gari la kijani na kuingiza kioo chake. Sauti yake ilitoka humo kama ya mtu aliye kisimani.

"Nne, nne, moja, saba," alisema. Alitoa kichwa. "Eh! Yaani mmebadilishiwa watoto."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akakanyagwa mguu, akanyamaza.

Mkunga aliinuka. Alimwendea Fundi moja kwa moja, na watu wakapisha njia. "Umechukua injini ya kaka yako."

"Shemeji, tuingie ndani."

"Umeniibia injini ya mume wangu, mchana kweupe, ukaiweka kwenye gari lako!"

"Hata kama ningekuwa mwizi," Fundi alisema taratibu, "ningekuibia ile inayofuka?"

Mkunga aligeuka. Alitazama gari la maziwa. Alitazama la kijani. Injini nzima, ile aliyoisikiliza kwa kipembe kila Jumamosi na kuisifu kwa watu, ile isiyokohoa, haikuwa ya mumewe. Na ile aliyoicheka miaka tisa kutoka barazani, akaiita jiko, akaishukuru kwa kufukuza mbu, ndiyo iliyokuwa ya mumewe. Alihisi uso unamchoma. Akaingia ndani bila kuambiwa mara ya pili.

Ofisi ya Fundi ilikuwa chumba chenye kiti kimoja kizima na kimoja kilichong'olewa kwenye basi. Mkunga alikaa kile cha basi. Fundi alifunga mlango, akawasha birika, akalizima.

"Siku ulipompeleka kaka hospitali," alisema, "ulinipa ufunguo pale mlangoni pa wodi. Ukaniambia nilitoe gari kwenye njia ya wagonjwa."

"Nakumbuka."

"Halikuwaka. Nikalivuta mpaka hapa. Nikalifungua. Jiwe lilikuwa limetoboa sufuria ya oili chini, oili yote imemwagika njiani, injini imekauka, imejishika haizunguki. Pistoni mbili zimeungua. Vipuri vya injini zile havitengenezwi tena, wewe mwenyewe unajua. Nikaenda kumwambia kaka. Nilidhani atakasirika, unajua alivyokuwa na gari lake. Alicheka. Akasema, 'Usimwambie.' Nikamwuliza, kwa nini nisimwambie? Akasema, 'Akijua, kila akiligusa ataikumbuka siku hii, na atajilaumu. Halafu kuna wanawake wanamngoja wajifungue. Mpe gari linalotembea.' Basi nikakupa."

"Ukatoa injini yako."

"Nilikuwa na injini moja tu, shemeji. Ningetoa ya nani?"

Nje alisikika Kurunzi akiwaeleza watu habari za bampa za asili.

"Na yangu ukaitia kwenye lako."

"Nikaiungaunga. Pistoni za kuokota, ringi za kuokota. Inatembea. Inafuka, lakini inatembea."

"Na ukakubali nikucheke. Fundi mzima. Wateja wanasikia."

"Wengine walikwenda gereji nyingine," Fundi alikubali. "Lakini ulikuwa unacheka, shemeji. Mwaka ule wa kwanza hukuwa unacheka kwa kitu kingine chochote."

Mwanamke yule aliyewakemea madaktari wakuu na kuwatoa wodini akina baba wenye kelele aliweka viganja usoni akalia. Alilia kwa aibu kwanza, nataka ieleweke. Majonzi yalifuata baadaye.

"Nilidhani uliiuza," alisema. "Injini yako. Nilidhani uliiuza wiki ileile anakufa. Sharti lile nililileta kwa ajili yako, nikuumbue mbele za watu."

"Nilijua."

"Ulijua ukanyamaza?"

"Nilikuomba gari siku tatu. Ningezirudisha zote mahali pake, Kurunzi apite, akiondoka nizibadilishe tena."

"Utoe injini mbili, uzirudishe, halafu uzitoe tena?"

"Siku tatu zingetosha. Mbili kwa shida."

Mkunga alianza kucheka ndani ya kilio, na vitu hivyo viwili vikamchanganyikia akabaki anakohoa. Fundi akawasha birika tena. Lilipochemka, alimpa chai, akamwona amekaa ameinamia kikombe bila kukinywa.

"Niliiona," Mkunga alisema.

"Uliona nini?"

"Taa. Ile nyekundu ya oili. Kaka yako alifikiri sikuiona. Wewe pia, kumbe. Niliiona vizuri. Iliwaka tukiwa karibu na kituo cha mafuta, mkono wa kushoto, kina watu na taa zote. Ningeweza kusimama. Nikasikia injini inagonga, kwanza polepole, baadaye kama mtu anapiga mlango. Nikakanyaga."

Fundi aliweka birika chini.

"Halafu nikakuta gari limepona," aliendelea. "Nikawa nasema: lilikuwa linakufa likakataa, kwa ajili yake. Miaka tisa nimeliosha hivyo. Nalishukuru. Ndiyo maana sikutaka mtu aliguse. Nilikuwa naogopa fundi yeyote akilifungua ataona nilichokifanya."

Kurunzi aligonga mlango, akachungulia kwa tochi ingawa ilikuwa saa tano asubuhi.

"Samahanini. Kwa sharti hili, yote mawili yameanguka. Muda upo, mwaka haujaisha. Niandikeje?"

"Andika yameanguka," Mkunga alisema. Alijipangusa uso kwa shashi, akasimama. "Tutayaleta tena mwezi ujao, nambari zikiwa mahali pake."

"Shemeji, niachie mimi," Fundi alianza. "Nitazirudisha, apite, halafu usiku mmoja tu..."

"Hutazibadilisha tena. Yako ni yako, yangu ni yangu. Kila injini na mama yake."

"Itafuka! Mtaa mzima utakucheka. Na vipuri hakuna."

"Wacheke, wana haki. Nimewazoesha mwenyewe."

Walitoka wote watatu mpaka kwenye gari la kijani, ambalo boneti yake ilikuwa bado wazi. Mkunga aliinama juu ya ile injini nyeusi iliyotapakaa oili, akaweka kiganja juu yake kama anavyoweka kwenye tumbo la mama kabla ya kumwambia chochote. Ilikuwa bado na joto la asubuhi.

"Kama fundi," alisema Fundi, "naumia. Kuziba lile tundu na nusu galoni ya oili tu. Ungesimama pale kituoni dakika kumi, huenda ingekuwa nzima mpaka leo."

"Daktari aliniambia kwamba tungechelewa dakika kumi tusingefika naye."

Fundi alitikisa kichwa, akawa anahesabu kitu kwa vidole vyake vyeusi. "Aliishi siku ngapi baada ya pale?"

"Nne. Na aliongea zote nne."

"Aliongea! Mimi alinitukana zote nne. Alisema nilimnyooshea vibaya mlango wa nyuma wa gari."

"Mimi alinichekesha mpaka nesi akatufokea. Siku ya tatu alinichekesha mpaka nikaona haya, pale wodini."

Kurunzi alikuwa amesimama kando na karatasi yake, kalamu tayari. Fomu ya chama ilikuwa na mstari wa mwisho ambao mthamini hana budi kuujaza, hata gari likianguka.

"Injini hii chakavu," aliuliza, "niiwekee thamani gani?"

"Siku nne," Fundi alisema.

Kurunzi aliuliza siku nne za nini. Alimtazama Fundi, akamtazama Mkunga, akaona hawa wawili wamesimama bega kwa bega wakitazama ndani ya boneti na hakuna atakayemjibu. Akaandika alichoambiwa.